Kitabu Kilichomshinda Msomaji: Historia Fupi ya Kumaliza na Kuacha Kusoma katika Kiswahili

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anapokifunga kitabu kabla ya kufika mwisho, mara nyingi husema: kitabu hiki kimenishinda. Kauli hiyo ni fupi, lakini imebeba maana mbili zisizopatana. Anayesema kwamba mzigo umemshinda anakiri udhaifu wake mwenyewe. Mzigo ni mzito na nguvu zake ni chache. Bali anayesema kwamba tabia za jirani zimemshinda hakiri udhaifu wowote. Anatoa hukumu kwamba tabia hizo hazivumiliki. Kitenzi ni kilekile, viambishi ni vilevile, wala sarufi haionyeshi ni maana ipi iliyokusudiwa. Basi msomaji aliyeshindwa na kitabu huenda amekiri kosa, na huenda ametoa hukumu. Pengine mwenyewe hajui ni lipi kati ya hayo mawili alilolifanya.

Utata huo si jambo dogo. Malalamiko kwamba wanafunzi hawamalizi vitabu yamezoeleka katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki, na aghalabu lawama huelekezwa kwa msomaji: ni mvivu, hana subira, amezoea vya mkato. Methali nazo huletwa kuunga mkono lawama hiyo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mvumilivu hula mbivu. Ni nadra kuulizwa iwapo kitabu chenyewe kilistahili kumalizwa, na ni nadra zaidi kuulizwa iwapo msomaji huyo alikuwa na kitabu kingine cha kukimbilia.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuitazama hali hiyo kihistoria. Hoja yake ni kwamba uamuzi wa kuacha kitabu kisichopendeza si suala la tabia ya mtu binafsi pekee. Ni uhuru uliozaliwa kwa taratibu katika historia ya usomaji wa Kiswahili, na msingi wake ni kuwapo kwa kitabu cha pili. Penye kitabu kimoja tu, kumaliza ni wajibu na kuacha ni uasi. Penye vitabu viwili, ndipo uamuzi unapoanza.

Kuhitimu: Kusoma kama Kutia Muhuri

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Neno kuhitimu, ambalo leo hutumika kwa mwanafunzi wa shahada, linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutia muhuri, yaani kukifunga kitu baada ya kukikamilisha. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kimepata hitimisha, hitimisho, hitima, hatima na hatimaye. Katika mwambao, aliyehitimu hakuwa mtu aliyefaulu mtihani, bali aliyeusoma Msahafu wote mbele ya mwalimu wake. Elimu ilipimwa kwa kumaliza kitabu, na kitabu kilikuwa kimoja.

Neno chuo linaeleza habari hiyohiyo kwa upande mwingine. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu. Ndiyo maana utenzi wa Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, ambao muswada wake una tarehe ya mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Baadaye neno hilo likawa jina la mahali pa kusomea kitabu, na leo ni jina la taasisi za elimu ya juu. Mwanachuoni ni mtu wa kitabu kabla ya kuwa mtu wa jengo. Kitenzi kusoma nacho hakitenganishi kupitisha macho katika maandishi na kuwa mwanafunzi: anayesoma gazeti na anayesoma sekondari wanatumia neno moja.

Utaratibu wa kumaliza wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini. Mtoto wa chuoni hakuanzia ukurasa wa kwanza. Baada ya Alhamdu alianza na juzuu ya Amma, ambayo ni ya 30 na ya mwisho, kwa kuwa sura zake ni fupi, kisha akarudi nyuma kuelekea sura ndefu. Kadhalika, katika hitima ya marehemu, juzuu 30 hugawanywa miongoni mwa waliohudhuria, kila mmoja akasoma sehemu yake, na kwa kikao kimoja Msahafu ukawa umesomwa wote. Hapana aliyeusoma wote peke yake, lakini jumuiya imehitimu.

Mfano huu unaonyesha kwamba kumaliza kulikuwa tendo la ibada na la pamoja, ambalo kufurahia au kutofurahia hakukuhusika nalo. Msomaji hakukaa kitako kukihukumu kitabu. Kitabu ndicho kilichomhukumu msomaji. Si haki kuuita usomaji wa namna hiyo kuwa duni, kwa sababu ulikuwa na lengo lake na ulilifikia. Tatizo linazuka pale ambapo maadili ya usomaji huo yanahamishiwa, bila kufikiriwa, kwenye riwaya au diwani iliyoandikwa na binadamu kwa ajili ya kumpendeza binadamu mwenzake.

Msikilizaji na Mnakili

Nje ya ibada palikuwa na fasihi pana iliyosomwa kwa sauti. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini wengi waliufahamu kwa masikio. Utunzi wenyewe uliweka alama wazi za mwanzo na mwisho: mtunzi alianza kwa jina la Mungu, mara nyingi akaagiza wino na karatasi, na mwishoni akaomba dua, akajitaja jina na pengine akahesabu beti zake. Neno tamati, ambalo lingali likitumika, ni alama ya mlango huo wa kutokea.

Msikilizaji alikuwa na uhuru ambao msomaji wa chuoni hakuwa nao. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, wenye beti zaidi ya 4,000, haukuwa wa kusikilizwa wote kwa pumzi moja. Mtu aliweza kusinzia, kutoka, kurudi, na kukuta vita vingali vikipiganwa. Hakuna aliyemwita mvivu. Kuondoka barazani hakukuwa kukiacha kitabu, kwa kuwa kitabu kilikuwa mikononi mwa mwingine na sauti iliendelea.

Katika zama hizo za miswada, uamuzi mzito wa kuacha ulikuwa wa mnakili. Kazi ambayo hapana aliyeona haja ya kuinakili ilikufa pamoja na karatasi yake, au ilibaki vichwani mwa watu kwa kadiri walivyoipenda. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalihifadhika hivyo. Yalidumu kwenye kumbukumbu za watu wa mji hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 akishirikiana na William Taylor, na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Yapata miaka 100 ilipita kati ya mtunzi na kitabu. Beti zilizopenya muda huo zilipenya kwa sababu kulikuwa na watu waliopenda kuzirudia. Kwa hiyo upendeleo wa msomaji haukuanza na riwaya. Ulikuwapo tangu zamani, ila ulifanya kazi kwa njia ya kukumbuka na kusahau.

Wasomaji wa Kitabu Kimoja

Uchapaji uliletwa pwani na wamisionari katika nusu ya pili ya karne ya 19. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha mkusanyo wa hadithi za Waswahili mwaka 1870 na alishughulikia tafsiri za maandiko ya Kikristo. Kwa uchapaji huo herufi zilibadilika, lakini uhusiano wa msomaji na kitabu haukubadilika sana. Kitabu kiliendelea kuwa kimoja, na kukisoma kuliendelea kuwa alama ya kuingia katika jumuiya. Huko Buganda, ambako Kiswahili kilisikika katika kasri la Kabaka na vitabu vya Kiswahili vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kutumiwa na wamisionari, waongofu waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Miongoni mwa Wagikuyu wa Kenya waliofuata elimu ya misheni waliitwa athomi, kwa maana hiyohiyo. Pale ambapo msomaji ni jina la dini ya mtu, kuacha kusoma ni kuritadi.

Shule za serikali ya kikoloni zilipokea desturi hiyo na kuipa shabaha mpya. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianzishwa rasmi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Johnson mwenyewe alikuwa na mkono katika tafsiri nyingi za kipindi hicho, zikiwamo Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi hizo zilikuwa za kusisimua katika lugha zao za asili, na wengi walizisoma kwa furaha. Hata hivyo, katika darasa zilikuwa na kazi nyingine, yaani kumwonyesha mwanafunzi Kiswahili kilichosanifiwa kinavyoandikwa. Mwanafunzi asiyevutiwa na kisiwa wala hazina hakuwa na njia ya kutoka. Kukiacha kitabu kulikuwa kukiacha Kiswahili cha cheti.

Ni gazeti, si kitabu, lililomfundisha msomaji wa kawaida kuruka. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na habari, mafunzo, barua, hadithi na mashairi katika jalada moja. Mpenzi wa mashairi aliyaendea mashairi, na mkulima akaendea kilimo. Kupita kurasa bila kuzisoma hakukuwa aibu. Hapo ndipo macho yalipozoea kuchagua, ingawa mkono ulikuwa haujathubutu bado kukifunga kitabu.

Kitabu cha Pili

Mabadiliko makubwa yalitokea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1948, na pamoja na kuchapisha liliendesha huduma za maktaba, ikiwa ni pamoja na masanduku ya vitabu yaliyopelekwa mbali na miji na vitabu vilivyoazimwa kwa posta. Umuhimu wa sanduku la vitabu katika historia hii ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Mtu aliyenunua kitabu kwa fedha zake hukimaliza hata kikimchosha, kwa kuwa anaona uchungu wa fedha. Mtu aliyeazima kitabu kutoka sandukuni anaweza kukirudisha na kuchukua cha jirani yake bila hasara. Sheria za huduma za maktaba za Tanganyika ya mwaka 1963 na Kenya ya mwaka 1965 ziliendeleza njia hiyo baada ya uhuru.

Wakati huohuo, waandishi walianza kuandika kwa kumjua msomaji wa namna hiyo. Hadithi ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya Shirika hilo ya mwaka 1957–58 na ikatoka mwaka 1960. Msomaji hakuagizwa na mtu kumfuata Bwana Msa hadi mwisho. Alimfuata kwa sababu alitaka kujua. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika miaka ya 1970 na 1980 Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakajipatia wasomaji wengi kwa riwaya za upelelezi. Muundo wa riwaya hizo, wenye siri inayocheleweshwa hadi kurasa za mwisho, ni ushahidi kwamba mwandishi alifahamu kuwa anaweza kuachwa wakati wowote. Kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kiswahili, deni lilihama: badala ya msomaji kudaiwa umakini na kitabu, kitabu kilidaiwa mvuto na msomaji.

Wahakiki hawakulipokea jambo hilo kwa moyo mweupe. Riwaya hizo ziliitwa fasihi pendwa, zikatenganishwa na zile zilizoitwa fasihi dhati. Istilahi hizo zinafaa kuchunguzwa na mwanaisimu. Pendwa ni kitu kinachopendwa. Ikiwa aina moja ya fasihi imetengwa kwa sifa ya kupendwa, basi inafuata, hata kama hapana aliyekusudia, kwamba ile nyingine haina sharti la kupendwa. Katika istilahi hiyo moja wajibu wa zamani umerudi kwa mlango wa nyuma: kuna vitabu vya kufurahiwa, na kuna vitabu vya kumalizwa.

Katika Tanzania, kampeni za elimu ya watu wazima ziliongeza wasomaji kwa kasi. Kwa takwimu rasmi, watu wazima wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walikuwa takriban theluthi mbili, walibaki takriban asilimia 10 mwaka 1986. Moja ya magazeti ya vijijini yaliyoandaliwa kwa ajili yao katika miaka ya 1970 liliitwa Elimu Haina Mwisho, jina linaloonekana kuijibu dhana ya kuhitimu. Lakini wasomaji walipoongezeka, vitabu havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Katika miaka ya 1980 uhaba wa karatasi na matatizo ya uchumi yalidhoofisha uchapishaji, na wengi waliofunzwa kusoma hawakuwa na cha kusoma zaidi ya kile cha mafunzo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991 ulikuwa mojawapo ya juhudi za kuziba pengo hilo. Kitabu cha pili, kilichokuwa kimeanza kuonekana, kilikuwa kimeadimika tena.

Vitabu Teule na Miongozo

Katika hali hiyo shule ndiyo iliyobaki kuwa msambazaji mkuu wa vitabu vya fasihi. Nchini Kenya, mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Riwaya kama vile Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), na Siku Njema (1996) na Kidagaa Kimemwozea (2012) za Ken Walibora, zilipata kusomwa na vizazi vya wanafunzi kwa sababu ziliteuliwa kutahiniwa. Faida yake haiwezi kukanushwa. Wapo waliogundua ladha ya riwaya ya Kiswahili kwa kulazimishwa kuionja.

Hata hivyo, lazima ilizaa mwanya wake. Kando ya kila kitabu teule kilitokea mwongozo, wenye muhtasari wa sura, orodha ya wahusika na maudhui, na maswali pamoja na majibu. Mwanafunzi aliyeshindwa na riwaya akausoma mwongozo, akajibu mtihani, akafaulu. Kwa kumbukumbu za shule amekimaliza kitabu. Kwa kweli hakukianza. Huku ni kuacha kitabu kwa siri, na ni kubaya kuliko kuacha kwa dhahiri, kwa kuwa hakumfundishi mtu lolote kuhusu kitabu wala kuhusu nafsi yake. Anayesema wazi kwamba kitabu kimemshinda ukurasa wa 40 amesoma kurasa 40, na ana jambo la kueleza kuzihusu.

Upo pia upande wa pili wa mamlaka hiyohiyo. Riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kutokana na namna ilivyoeleza maisha ya msichana na mahusiano yake na wanaume. Baadaye marufuku iliondolewa na kitabu kikaingia katika masomo ya sekondari. Kitabu kilekile kilipata kuwa haramu kuanzwa, kisha kikawa faradhi kumalizwa. Katika hali zote mbili msomaji hakuulizwa. Aliyesoma Rosa Mistika kwa kuificha chini ya mto, na asiyekuwa na mtihani wa kumngoja, ndiye pekee aliyekuwa huru kuiacha, na kwa hiyo ndiye pekee ambaye kumaliza kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa sifa ya kitabu.

Kisa cha Nagona na Mzingile

Mwandishi huyohuyo ndiye aliyeuweka uhuru huo kwenye mtihani mgumu zaidi. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikuwa amejenga jina kwa riwaya nne zilizofuata njia ya uhalisia: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Kisha ikatoka Nagona (1990) na kufuatiwa na Mzingile (1991). Vyote viwili ni vitabu vyembamba, ambavyo kwa hesabu ya kurasa pekee vingeweza kumalizwa kwa siku moja. Wengi hawakuvimaliza.

Sababu zake zaelezeka. Ndani yake hamna kijiji chenye jina, hamna familia ya kufuatilia tangu ndoa hadi kaburi, wala hamna mpangilio wa wakati unaotabirika. Yupo msafiri anayetafuta, zipo njia zinazopotezana, na wamo wanafalsafa wa Ugiriki na Ulaya wanaotokea kana kwamba ni wakazi wa mahali. Jina la kitabu cha pili lenyewe ni onyo, kwa kuwa mzingile ni mahali ambapo mtu huingia asijue pa kutokea. Msomaji aliyekuja kumtafuta mwandishi wa Rosa Mistika alikuta mlango mwingine kabisa. Alisema kitabu kimemshinda, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakauliza iwapo kazi za namna hiyo zinaandikwa kwa ajili ya Waswahili au kwa ajili ya wahadhiri.

Swali hilo halikuwa la upuuzi. Kiswahili kilikuwa lugha ya umma, waandishi wake walitarajiwa kusema na umma, na mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani yalikuwa yamekwisha kumweka Kezilahabi upande wa wenye kushukiwa. Aidha, vitabu hivyo vilitoka wakati ambapo rafu zilikuwa tupu. Anayepata kitabu kimoja kwa mwaka, kikawa ndicho kisichomfungukia, ana haki ya kununa. Laiti kungekuwa na riwaya nyingine kumi za mwaka huo pembeni yake, huenda angekiweka Nagona kando kwa upole na kuchukua nyingine. Sehemu ya hasira iliyovielekea vitabu hivyo ilikuwa, kwa hakika, hasira ya uhaba.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Vitabu vilivyoachwa havikufa. Watafiti wa ndani na wa nje, akiwamo Said Khamis na Xavier Garnier, walivirudia na kuvieleza. Waandishi wengine nao walitembea katika njia zinazokaribiana na hizo: Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na Kyallo Wamitila katika Bina-Adamu! (2002). Msomaji aliyezizoea riwaya hizo, kisha akarudi kwa Nagona, hakukuta tena giza lilelile. Maandishi hayakubadilika hata neno moja. Kilichobadilika ni idadi ya vitabu vilivyokizunguka. Kitabu cha pili, ambacho huwezesha kuacha, ndicho pia kilichowezesha kurudi.

Hitimisho

Mwaka 1992 mwandishi na mwalimu Mfaransa Daniel Pennac alichapisha kitabu kuhusu usomaji, Comme un roman, ambamo aliorodhesha haki kumi za msomaji. Mojawapo ni haki ya kutomaliza kitabu. Kwa nchi yenye maduka na maktaba nyingi, haki hiyo inatosha kutangazwa. Kwa msomaji wa Kiswahili haitoshi kutangazwa, kwa kuwa mtu hawezi kuacha kitabu kimoja na kuendelea kuwa msomaji iwapo hana kingine. Akiacha hicho, ameacha kusoma. Ndiyo maana walimu wengi wanaogopa kuwaruhusu wanafunzi kuacha, na hofu yao ina msingi katika historia iliyoelezwa hapa. Lakini tiba ya hofu hiyo haimo katika methali za subira. Imo katika rafu.

Kuhusu uamuzi wenyewe, historia hii inapendekeza kutenganisha mambo yanayofichwa na kauli moja ya kushindwa. Kuna kushindwa na lugha, pale msamiati au lahaja inapokuwa ngeni. Hapo kamusi na mwenzi wa kusoma naye vinaweza kutosha. Kuna kushindwa na desturi ya kitabu, pale msomaji anapokutana na utaratibu wa masimulizi ambao hajafunzwa. Hapo linalofaa ni kukiweka kando, kusoma vingine, kisha kurudi. Na kuna kushindwa kwa maana ya hukumu, pale lugha inaeleweka na desturi inajulikana, lakini kitabu hakina la kusema au hakilisemi vizuri. Hapo kukifunga si uvivu. La kuvunda halina ubani, na saa zinazotumika kukifukiza kitabu kilichovunda ni saa zilizonyimwa kitabu kizuri.

Kiswahili kina maneno ya tofauti hizo. Kuweka kando si kuacha, kuacha si kutupa, na kukatiza si kushindwa. Ni kazi ya mwalimu wa fasihi kumfundisha mwanafunzi kuchagua neno sahihi na kulitetea. Mwanafunzi anayeweza kusema kwa sababu zinazoeleweka ni kwa nini aliishia ukurasa wa 40 ameanza uhakiki. Aliyenakili mwongozo hajaanza. Wanahistoria wa fasihi nao wana deni. Wamezoea kuandika historia ya vitabu vilivyotungwa, na kwa kiasi fulani ya vitabu vilivyosomwa. Historia ya vitabu vilivyoachwa, pamoja na ukurasa vilipoachiwa na sababu zake, bado inangoja kuandikwa, na mashahidi wake wangali hai katika kila mji na kijiji kinachosoma Kiswahili.